Mgongo Unaniwasha

Sisi akina Toé hatukujaliwa subira. Babu yangu alimvunja mtu taya kwa sababu ya mbuzi aliyekula shamba la kunde, na baadaye ikajulikana mbuzi hakuwa wa mtu yule. Shangazi yangu alimmwagia mumewe uji wa moto, kisha akakaa usiku kucha akimpepea huku akiendelea kumtukana. Baba yangu, Anselme Toé, alikuwa muuza nyama sokoni Tougan, na mtu wa hasira kushinda na shoka la nyama mkononi ni balaa linalongoja siku yake. Mimi Perpétue ni binti yake wa mwisho. Nyumbani husema nimerithi kila kitu chake isipokuwa masharubu.

Siku ya balaa ilifika nikiwa bado mtoto wa kufukuza nzi mezani pake. Mdogo wake, Faustin, alikuwa ameuza dume la ng'ombe la urithi bila kumwambia mtu, tena akaja pale pale mezani kuomba kilo ya nyama. Baba alishika shoka. Aliruka meza. Pigo la kwanza lilichukua nusu ya sikio la Faustin, nalo likaangukia kwenye maini niliyokuwa nayapepea. Faustin alianguka chali kwenye matope, damu ikimtiririka shingoni, na Baba akamkanyaga kifuani na kuinua shoka kwa ajili ya pigo la pili. Wanawake walipiga mayowe. Wanaume wote waliokuwa wakijisifu kila siku kilabuni walikumbuka ghafla kwamba wana kazi mahali pengine.

Ndipo akatoka Tibila Kafando kwenye mashine yake ya kusaga iliyokuwa ng'ambo ya njia. Alikuwa mweupe kwa unga toka nywele hadi viatu. Hakukimbia. Alikuja polepole, akasimama mbele ya Baba, akamgeuzia mgongo.

"Msamo," alisema, "nipe hicho chuma. Mgongo unaniwasha."

Baba alikuwa anahema kama ng'ombe dume. Shoka lilikuwa linaning'inia juu ya kichwa cha Tibila. Kisha mkono ukashuka, akampa. Tibila alilichukua, akalipenyeza chini ya kola ya shati, akajikuna kwa mpini akifumba macho kwa raha. "Hapo hapo," alisema. "Juu kidogo. Aaa, mtumwa wangu, Mungu akuzidishie." Mtu mmoja akacheka. Kisha soko zima likacheka, hata Faustin pale matopeni alicheka huku ameshika sikio ambalo halikuwepo. Baba alicheka mwisho wa wote, kisha akakaa juu ya gogo la kukatia nyama akalia.

Tibila alikuwa Mmosi na sisi ni Wasamo, na hayo makabila mawili ni watani tangu dunia iumbwe. Wao hutuita watumwa wao na walaji wa vichwa vya mbwa. Sisi huwaita watumwa wetu na walaji wa punda. Mmosi akiona mbuzi wako amenona anaweza kumfungua na kwenda naye, nawe huna la kusema ila kumtukana. Na sheria ya utani wetu ni kukaza uso: anayecheka kwanza ameshindwa. Lakini mtani akikuambia acha, unaacha, hata kama umeshika roho ya mtu mkononi. Kulikataa neno la mtani mbele ya watu ni kuialika laana nyumbani na kuitandikia mkeka. Baba na Tibila walitukanana hivyo kila asubuhi miaka yote, na siku mmoja wao alipougua, yule mwingine hakufungua duka.

Wiki niliyokuwa nikijiandaa kutetea tasnifu yangu ya uhandisi wa maji huko Lyon, walinijia wote wawili. Baba alisema binti hawezi kusimama mbele ya maprofesa bila mtu wa kwao nyuma yake. Tibila alisema yeye amekuja kumchunga mtumwa wake asipotee uwanja wa ndege. Walishuka na mabegi yaliyonuka soumbala, zile mbegu zetu za kuungia mchuzi, hata mbwa wa forodha alikaa chini akatazama pembeni.

"Mgeni siku mbili," niliwaambia nilipowafungulia mlango wa chumba changu, "siku ya tatu mpe jembe."

"Jembe mpe huyu," alisema Tibila akijitupa kwenye kitanda changu. "Mimi nimekuja kusimamia."

Nilitaka kuwalisha. Mwaka wangu wa kwanza mji ule nililia kwa kukosa ugali. Mwaka wa pili nilianza kuielewa siagi. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nimeacha kulia kabisa, kwa sababu niligundua kwamba wapishi wa zamani wa Lyon hawatupi kitu: matumbo, miguu, pua, masikio, mashavu, vyote vina jina na vyote vina mchuzi wake. Mimi ni mtoto wa muuza nyama. Nilijiona nimefika kwa wajomba.

Basi nikawalisha. Soseji ya matumbo ilimfanya Baba afunge macho. Konokono aliwala kwa pini, mmoja mmoja, akiuliza walichinjwaje. Jibini la kunuka lilipofika mezani, Tibila alilinusa akauliza, "Nani amekufa?" Kisha akalila lote, na kesho yake akalitaka tena. Baba alitembea mjini na mkate mrefu kwapani akimtishia nao Tibila kila kona, na watu walitupisha njia. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu anayeonyesha nyumba yake ya pili kwa watu wa nyumba yake ya kwanza.

Jumamosi mchana nikawapeleka kwa Mama Josette.

Mkahawa wake uko kwenye mteremko, meza chache zimebanana, na ngazi mbili za jiwe zinashuka kwenda jikoni. Jumamosi hupika kichwa cha ndama. Kwa kawaida hukikata vipande na kukifunika kwa mchuzi wa mayai na siki, lakini mimi nilikuwa nimemwomba alete kizima. Nilitaka kuona watani wawili na kichwa kimoja. Nyumbani jambo hilo peke yake ni sherehe. Watu huacha kazi zao kuja kutazama.

Kichwa kililetwa kwenye sahani ya chuma, kikifuka mvuke, masikio yamelala, ulimi umetoka pembeni. Mama Josette aliposikia kwamba Baba ni mtu wa kazi ya nyama alimpa kisu chake mwenyewe, kirefu, cha mpini mweusi, naye Baba akakipitisha kwenye ukucha wa dole gumba na kutikisa kichwa kwa heshima.

Tibila akashika sikio la ndama.

"Toa mkono," alisema Baba.

"Kichwa ni cha bwana. Mtumwa hupewa masikio tu, ili asikie anapoitwa."

"Bwana wa wapi? Baba yako alibadilishwa kwa punda, na punda mwenyewe alikuwa kilema!"

"Mbwa wa Tougan walipiga vigelegele ulipopanda ndege. Sasa hivi wanazaana kwa amani."

"Nimesema toa mkono, Mmosi."

"Sitoi. Utafanya nini, mla mbwa?"

Baba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimkamata Tibila kwa ukosi, akamvuta juu ya meza, glasi zikapinduka. Akaweka kisu kooni kwake. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, uso wa muuaji, na mimi niliyemjua niliuma mdomo nisicheke kabla ya wakati.

"Leo nakuchinja," alisema. "Sali."

"Chinja!" Tibila alifoka akinyoosha shingo. "Chinja kama una baba! Lakini kichwa changu ndicho utakachokula, na hakiivi!"

Watu mkahawani walikuwa wameweka uma zao chini. Nilimwona Mama Josette amesimama na sahani mkononi, mdomo wazi. Nikakumbuka ghafla mahali tulipokuwa. Watu wale hawakuelewa neno hata moja la tulichokuwa tunasema. Walichokiona ni Mwafrika mmoja anataka kumchinja mwenziwe juu ya chakula. Niligeuka ili niwaambie kwamba hawa ni ndugu, wanacheza tu. Nilikuwa tayari nimechelewa.

Meza ya jirani alikuwepo mtu mkubwa mwenye mabega ya mbeba fanicha, amekuja na mkewe kwa siku yake ya kuzaliwa. Jina lake Gaëtan, nililijua baadaye. Aliinuka na chupa. Chupa za divai za mji ule zina kitako kinene sana na hazivunjiki ovyo. Alimpiga Baba nayo nyuma ya sikio, na mlio wake ulikuwa ule wa gogo kavu. Kisu kilidondoka. Baba aligeuka nusu, akiwa na mshangao tu usoni, na yule mtu akampiga tena, mara hii kwenye paji. Baba alianguka kama alivyosimama, na kisogo chake kikakutana na ncha ya ngazi ya jiwe.

Sahani ya chuma ilienda naye. Kichwa cha ndama kilibingirika kikasimama karibu na chake, na mchuzi na damu vikachanganyika sakafuni.

Tibila alitaka kumkimbilia Baba. Gaëtan alimdaka katikati, akamkumbatia kwa nguvu zote, akamvuta nyuma akimpigapiga mgongoni. "Umepona, mzee," alikuwa anamwambia. "Umepona sasa. Umepona." Tibila alimng'ata mkono. Yule mtu hakumwachia. Alidhani mzee amechanganyikiwa kwa hofu.

Mimi niliokota kisu.

Sitasema sikujua ninachofanya, kwa maana nilijua vizuri sana. Nilimkata kwanza mkono uliokuwa umemshika Tibila, toka kiwiko kuja chini, na nikahisi ncha ikigusa mfupa. Akapiga kelele, akamwachia. Nilimkata begani. Alirudi nyuma akajikwaa, akaanguka kwenye kona ya makoti, na makoti yakamwangukia. Niliyatupa pembeni, nikaweka goti kifuani kwake, nikashika nywele zake na kukiinua kidevu. Mkewe alikuwa akipiga mayowe juu ya kiti. Damu ya mumewe ilikuwa inaruka hadi kwenye shavu langu, ya moto, na nilifurahi kwamba ni ya moto.

"Nilidhani anamuua," alisema yule mtu chini yangu. "Nilidhani anamuua."

Maneno hayo yalinizidishia hasira. Angekuwa mtu mbaya ningemwelewa. Nilimwambia kwa Kifaransa cha adabu, kile cha darasani, "Fumba macho, bwana." Nilijua mahali penyewe, chini ya taya, pale ambapo mbuzi hasumbuki. Nilishafundishwa na mwenye kazi yake.

"Msamo."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Ilikuwa tulivu, hata ya uvivu kidogo. Sikugeuka.

"Msamo, nipe hicho kisu. Mgongo unaniwasha."

"Mzee, niache."

"Nimesema mgongo unaniwasha."

"Amemuua Baba!"

"Baba yako anapumua, hata harufu ya jibini naisikia. Lete kisu."

"Huu si wakati wa utani!"

"Utani una wakati wake gani mwingine?" alisema Tibila. "Siku za harusi? Siku za harusi kila mtu ana akili. Mtumwa wangu, watu wanatazama. Utanikatalia mbele za watu?"

Nilimchukia. Naapa, wakati ule nilimchukia kuliko nilivyomchukia yule niliyemkalia. Nilimchukia yeye na mababu zake na mababu zangu waliokaa wakapanga mambo haya, eti mtu akunyang'anye haki yako kwa mzaha. Kisu kilikuwa kimeshaanza kuchana ngozi ya yule mtu, mstari mwembamba mwekundu. Yeye alikuwa amefumba macho kama nilivyomwambia, na machozi yalikuwa yanapita kwenye kope.

Niligeuza shingo. Tibila alikuwa amesimama amenipa mgongo, amekunja kidogo magoti yake ya kizee, mkono mmoja umenyooshwa nyuma, kiganja wazi. Vile vile alivyosimama sokoni siku ile, isipokuwa alikosa unga.

Nikampa.

Alikichukua. Alikipenyeza chini ya kola kama lilivyopita lile shoka, kwa mpini, akaanza kujikuna. "Hapo hapo," alisema. "Juu kidogo." Hakuna aliyecheka. Alijikuna huku akitembea, mbali na mimi, hadi katikati ya chumba, akasimama akiutazama mlango. Nilidhani amepagawa. Kisha nikasikia ving'ora mtaani, na nikaelewa kwamba kisu hakukitaka kwa ajili ya koo la yule Mfaransa peke yake.

Askari walipoingia walichokiona ni hicho tu: mzee mweusi, kisu chenye damu, watu wawili wamelala chini. Walimfokea atupe. Alitupa mara moja, na mikono akainua. Walimrukia hivyo hivyo. Mmoja alimpiga rungu la magoti, mwingine akamkalia shingoni, wa tatu akauzungusha mkono wake mgongoni, akauzungusha tena, na bega lilipochomoka nililisikia kutoka pale kwenye makoti. Mimi mlio huo naujua; ni ule ule wa paja la mbuzi likitoka mahali pake. Uso wake waliusukuma kwenye mchuzi na vipande vya glasi.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Kisu ni changu! Ni mimi niliyemkata!"

Askari mmoja alinisukuma ukutani kwa kiwiko, meno yakagongana na mdomo ukajaa damu. "Tulia, dada," aliniambia. "Yamekwisha. Upo salama."

Tangu siku ile sipendi mtu aniambie kwamba nipo salama.

Kwenye gari la wagonjwa Baba alifungua macho. Moja lilikuwa limejaa damu. Aliniita Mama, kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

"Mama. Mmosi amekula kichwa?"

"Hapana, Baba. Kilianguka chini. Hakuna aliyekula."

Alifikiri kidogo. "Basi hajanishinda," alisema.

Hakusema tena. Damu ilikuwa inavujia ndani ya fuvu, walinieleza madaktari, na kulipopambazuka walinieleza mengine. Nilimpiga kofi muuguzi aliyenishika mkono kunifariji. Alikuwa mama mtu mzima. Aliweka mkono shavuni, akanivuta akanikumbatia, nami nikamng'ang'ania.

Kituoni Tibila aliwaambia askari kwamba kisu ni chake na kazi ni yake. Mimi nikaenda nikasema ni yangu. Wakatutazama, wakakasirika, wakaenda hospitali kumuuliza mwenye majeraha. Gaëtan alikuwa amefungwa bandeji hadi shingoni. Huyu mtu nilimkalia kifuani, pua yangu na yake zilikuwa karibu kugusana. Aliwaambia hakuona aliyemkata. Walimuuliza tena na tena akajibu hivyo hivyo, na mkewe pia. Mama Josette naye akasema alikuwa jikoni, yeye niliyemwona kwa macho yangu amesimama na sahani. Wakamwachia Tibila, mkono umefungwa kifuani, nami hawakunishtaki.

Gaëtan kesi yake ilisikilizwa na akafungwa. Kabla ya hapo alimtuma Mama Josette kwangu, anaomba kuniona, hata kwa dakika moja. Nilikataa. Ni mtu mwema aliyemuua baba yangu akidhani anaokoa maisha ya mtu, kisha akaniokoa mimi. Mpaka leo sijui nimweke wapi, na kumshukuru sikumshukuru.

Baba alirudi Tougan ndani ya sanduku. Tulipofika nyumbani uwanja ulikuwa umejaa hadi njiani, na kaburi lilikuwa limechimbwa. Kwetu mzee kama yeye hashushwi mpaka watani wake waje kumtukana. Lazima wamwige, wamseme, wadai hiki na kile, na mtu wa ukoo asimame amjibu mtani kwa niaba ya marehemu. Akikosa wa kumjibu, amezikwa bubu. Na mtani, yeye, halii. Mtani akilia kaburini amevunja kitu ambacho hakiungiki tena, na watoto wa pande zote mbili watakilipia.

Tibila alichelewa makusudi. Watu walipoanza kunong'ona, tukamwona anakuja kwa njia ya sokoni. Alikuwa amevaa aproni ya Baba, ile ya dukani, ngumu kwa damu kuukuu. Alikuwa ameweka mto tumboni na anatembea kwa kutanua miguu, mwendo wa Baba mtupu. Mkono mmoja ulikuwa bado umefungwa. Kwa mkono wa pili alibeba sufuria, na ndani ya sufuria mlikuwa na kichwa cha ndama.

Vicheko vilianza kabla hajafika.

"Mnalia nini?" alifoka. "Mtumwa wangu amepanda ndege, amekula konokono, amelala kwenye shuka nyeupe. Amekufa kwa ulafi wa kichwa! Nani kati yenu atapata kifo kizuri kama hicho?" Akachungulia kaburini. "Na hili shimo, la nani? Kubwa hivi kwa Msamo? Mkunjeni, atatosha kwenye kopo!"

Watu walikuwa wanacheka huku wanafuta machozi. Tibila aliinua sufuria juu.

"Kichwa hiki hapa! Nakila mbele yake! Nani atanizuia?"

Ikawa zamu yetu. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameinama, mabega yanapanda na kushuka. Baba mdogo Faustin, mwenye nusu sikio, alifungua mdomo na kilio kikatoka mahali pa maneno.

"Nani atanijibu?" alisema Tibila. "Anselme! Umeacha nyumba ya mabubu?"

Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, nimeapa moyoni nisifanye lolote siku ile ila kulia. Nikamtazama. Sufuria ilikuwa imeanza kucheza mkononi mwake. Kidevu chake kilikuwa kimekazwa, lakini mshipa wa shingo ulikuwa unakwenda mbio, na alipouliza tena, "Nani atanijibu?", sauti ilipasuka katikati. Vicheko vilikufa. Wazee wa Kimosi waliokuja naye walitazamana. Wote tuliona kwamba bado kidogo tu atalia.

Nikasimama.

"Funga bakuli lako, mla punda!" nilisema. "Kaburi ni kubwa kwa sababu na wewe unaingia humo, ukamfulie nguo!"

Mlio wa kicheko ulipita uwanjani. Tibila alinigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa hadi ukingoni.

"Huyu kifaranga anatoka wapi?" alisema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

Nilimwendea, watu wakinipisha. Nilichukua sufuria mkononi mwake, nikaiweka chini kwenye udongo wa kaburi.

"Geuka," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Mgongo unakuwasha. Na mkono wako mmoja ni mbovu, huufikii. Geuka, mtumwa, usinichoshe."

Aligeuka, akalielekea kaburi ili uso wake usionekane na mtu. Niliingiza mkono chini ya aproni ya Baba, nikaanza kumkuna.

"Hapo hapo," alisema. "Juu kidogo."

Uwanja mzima ulilipuka kwa vicheko, wake kwa waume, watu wakashikana mabega, Faustin akakaa chini kabisa akipiga ardhi kwa kiganja. Mgongo wa Tibila ulikuwa unatetemeka chini ya vidole vyangu. Niliendelea kumkuna bila haraka mpaka ulipotulia, ndipo nikawaambia wamshushe Baba.